Hatua Thelathini

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa sita

Thelathini tena leo asubuhi. Mara ya nne tangu mvua ikatike. Maharagwe yanaungua jikoni, mimi niko njiani na telekomande mkononi, nahesabu hatua kama mutoto wa darasa la kwanza. Majirani wamezoea. Hawacheki tena.

Namna tunavyofanya ni ileile. Ndege aliyoiunda muzee, bwana yangu, iko juu ya meza, haiwekwi chini. Muzee kwenye kigoda, vidole viwili juu ya mkia. Anteni ya telekomande nimeikunja yote. Nageuka, natembea. Nikifika thelathini nasimama, nasukuma kijiti, napiga kelele: kushoto! Mkia ukigeuka chini ya vidole vyake, ananyanyua mkono. Ukitetemeka ovyo, anakunja ngumi. Anteni ikikunjwa, telekomande inanong'ona tu. Kama ndege inasikia mnong'ono kwa hatua thelathini, basi anteni ikinyooshwa itasikia hata ikiwa mbali hewani. Zamani alitembea mwenyewe, mimi nikakaa na mkia. Sasa hawezi. Mawe ya volkano yatamwangusha.

Leo mkono ulipanda. "Inaitika," akasema. Anasema hivyo kila mara, kana kwamba ndege ni mutu ameitwa jina. Na lingine linafuata: kitu kisichoitika hakirushwi. Nimelisikia miaka ishirini na minane ya ndoa.

Mimi nilirudi na dole gumba la mguu linatoka damu. Kikwembe cha kazi, kitenge changu cha kiunoni, nimekikaza, sandali zimeisha, natembea juu ya mawe kama kuku aliyefungwa miguu.

Naiita mke mwenza, hiyo ndege. Mke mwenza wa frigolite, ile nyeupe nyepesi wanayofungia televizyo. Usiku inalala juu ya kabati letu. Mabawa yake ni mapana kuliko kitanda.


Jumanne, 3

Matone ya macho yamebaki kwa wiki moja. Asha ametuma mengine kutoka Bukavu, kwa boti. Mutoto wetu wa pekee, na yuko ng'ambo ya ziwa.

Niandike wazi, kwa kuwa mdomoni siwezi. Bwana yangu anapofuka. Ni presha ya macho. Mwaka jana muganga wa hospitali alisema ukingo umekwisha kufa, imebaki katikati. Muzee anaona kama mutu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Matone hayaponyeshi, yanachelewesha tu. Bila matone, hata tundu litaziba.

Ndiyo maana ya hii ndege. Alitengeneza redio za uwanja wa ndege karibu maisha yake yote. Sasa uwanja umefungwa, hakuna kinachoruka. Anataka kurusha yake mara moja, akiiona kwa macho yake. Mara moja tu. Hajaniomba kitu kingine, hata pole hajaniomba.


Jumatano, 4

Alimimina chai pembeni ya kikombe. Ikateremka mezani mpaka kwenye suruali yake. Akasema kikombe kimesogezwa. Nikasema ndiyo, mimi nilikisogeza. Uongo. Kikombe hakikusogea.

Nilifuta meza kwa hasira, hata pale palipokwisha kukauka. Sijui nilimkasirikia nani.


Ijumaa, 6

Idi. Hatukuchinja. Muzee alikwenda musikitini na kanzu imegeuzwa, mishono nje. Nilikuwa jikoni, sikumwona akitoka. Kanzu nimeishona mimi mwenyewe! Amesali hivyo katikati ya watu na hakuna aliyemwambia. Waliona haya kwa ajili yake.

Nililia chooni.


Jumapili, 8

Papa Kambale alikuja na chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo. Ni jirani, anabeba viazi na makaa kutoka njia ya Kibumba, na ni rafiki wa pekee ambaye muzee amebaki naye. Amekubali kubeba ndege mpaka Kanyaruchinya. Pale walipokuwa wakimbizi sasa ni tupu, hema zimeondoka, imebaki mawe na alama za mitaro. Hakuna waya za umeme. Hakuna nyumba za kuangukia.

Kazi ngumu ni ruhusa. Siku hizi kitu kikinguruma angani watu wanaingia chini ya vitanda, na wana haki. Papa Kambale ataongea na shefu wa pale.

Tulifanya thelathini mbele yake. Mbuzi wa jirani akanifuata, nikamkwepa, nikapita hesabu bila kutaka. Labda arobaini. Nikasukuma kijiti kutoka huko. Muzee akakunja ngumi. Nikarudi nyuma mpaka thelathini, mkono ukapanda.

Aliuliza, "Ulipita?"

"Nilipita. Mbuzi."

"Nje ya thelathini si kitu."

Papa Kambale akacheka, akasema mama huyu anatembea kama anaogopa kuvunja mayai. Nikamwambia avae kikwembe yeye, tuone.


Jumanne, 10

Matone yamefika. Namtia asubuhi na jioni. Analaza kichwa juu ya magoti yangu, anafungua macho, anangoja. Hapo ndipo anakuwa wangu. Mradi tu asiseme kitu.


Alhamisi, 12

Shefu amekubali. Jumamosi, mapema, mara moja, na watu wa pale wataambiwa kesho. Walikuja watu wake wawili kuiangalia, mmoja na bunduki. Wakauliza kamera iko wapi. Muzee akawashika mikono waguse kila mahali, tumboni, chini ya mabawa. Hakuna kamera. Mwenye bunduki akauliza basi inafaa nini. Muzee akasema, ya kuangalia tu. Yule akamtazama macho, akarudisha bunduki begani.

Muzee amenyoa ndevu. Amejikata mara mbili.


Jumamosi, 14

Niandike kama ilivyokuwa, kabla sijaanza kuibadilisha.

Tulifika jua bado liko chini. Ukungu kidogo, mlima Nyiragongo haukuonekana. Papa Kambale aliweka ndege juu ya chukudu, muzee akakaa kando yake, vidole kwenye mkia. Anteni nimekunja. Nimekaza kikwembe kipya, cha Idi, kwa sababu watu wangetuona. Nikatembea. Thelathini. Kushoto. Kuume. Juu. Chini. Mkono ukapanda mara zote nne. Inaitika.

Muzee alinyoosha anteni mwenyewe, kipande kwa kipande. Papa Kambale akakimbia na ndege, akaitupa.

Ikaruka. Mungu wangu, iliruka! Muzee alicheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Asha alipozaliwa. Ilizunguka mara mbili juu ya vichwa vyetu. Aliifuata na kichwa kizima, shingo imenyooka. Aliiona. Nilijua anaiona kwa sababu alikuwa akisema: sasa inageuka, sasa bawa linang'aa. Na kweli bawa lilikuwa linang'aa.

Mara ya tatu aliiacha iende mbali, kwenye mikaratusi. Nikamwona kidole kimesukuma kushoto. Ndege ikaenda kuume. Akasukuma tena. Ikaenda kuume, ikainama, ikaendelea kuinama. Nikapiga kelele kushoto, Papa Asha, kushoto! Akasema ndiyo nasukuma. Ikapita juu ya miti, ikaanguka upande wa pili. Hatukusikia hata sauti.

Papa Kambale alikimbia kuitafuta. Muzee alibaki amesimama, telekomande kifuani, vidole bado vinasukuma.

Halafu akanipa telekomande. Akasema, "Ni macho yangu, Mama Asha. Niliona kinyume."

Nilimshika mkono mpaka nyumbani. Hajaniruhusu kumshika mkono barabarani hata siku moja. Leo hakukataa.


Jumapili, 15

Hakuamka. Hakula. Nilileta matone akafunga macho kama mutoto anayekataa dawa. "Ya nini?" akasema. Nikamwambia muganga alisema. Akasema muganga alisema nitaona mpaka kiangazi kiishe, na jana sikujua kushoto ni wapi. Macho yamekwisha. Usipoteze bure dawa ya watu.

Nikamfokea. Nilimwambia maneno mabaya. Nilimwambia ananiachia mzigo wa kumwongoza kama mbuzi.


Jumatatu, 16

Hakuna matone. Siku ya pili.

Papa Kambale alirudi Kanyaruchinya peke yake, hakuipata. Muzee akamwambia aache, vitu vya kipofu havitafutwi. Neno hilo halikuwahi kutamkwa humu ndani. Sasa amelileta mwenyewe.


Jumanne, 17

Naandika vibaya.

Leo alikuja musichana mmoja wa Himbi, anaolewa, nimemshonea sketi ya kitenge. Akaijaribu. Nzuri, imemkaa. Akatembea kutoka mashini mpaka mlangoni, akasimama katikati, akasema, "Mama, unifungulie kidogo huku nyuma. Inanipa hatua za mutoto. Bwana arusi atafika kanisani mbele yangu."

Tukacheka. Nikachukua metre yangu ya kupimia shingoni nimpime magoti. Nikabaki nimeinama hapo. Akaniuliza kama ni mgongo.

Alipoondoka nilifunga mlango. Nikakaza kikwembe changu kama siku zote. Nikaweka chaki kwenye kisigino, nikatembea, nikaweka chaki, nikapima. Sentimita arobaini na tano. Nikarudia. Arobaini na tano.

Hatua ya muzee naijua, anajisifu nayo tangu tuoane. Metre moja kasoro vidole viwili. Uwanjani walipimia nyaya kwa miguu yake.

Thelathini zangu hazifiki nusu ya zake.

Nusu! Mara zote hizo ndege ilikuwa inaniitikia kutoka hapo karibu, kama mutu wa chumba cha pili. Na siku ile ya mbuzi, nilipopita, ilitetemeka. Ilituambia. Mimi nikasema mbuzi, yeye akasema si kitu. Alisema si kitu kwa sababu alidhani niko mbali.

Mimi fundi wa kushona. Metre iko shingoni mwangu mchana kutwa, hata sokoni nasahau kuitoa. Nikapima kwa miguu, tena miguu iliyofungwa.

Macho yake hayakukosea, ndege ndiyo haikumsikia. Alisukuma kushoto. Nilikiona kidole.


Jumatano, 18

Sikumwambia.

Nilikaa naye asubuhi nzima. Ametazama ukuta. Nilifungua mdomo mara tatu, nikamuuliza kama anataka uji.

Kwa nini? Naogopa. Nikisema, nimeua kile kitu cha pekee alichokitaka. Nisiposema, ameyaua macho yake mwenyewe bila kosa. Naandika hivi na inaonekana rahisi, mutoto angechagua. Lakini nikimwangalia nasema uji. Mama yangu alikuwa anasema mficha maradhi kilio kitamuumbua. Maradhi haya siyo hata yangu.

Siku ya nne bila matone.


Alhamisi, 19

Papa Kambale hakusikia la muzee. Alirudi tena, akaipata. Bawa moja limekatika, pua imepondeka. Alinipa mimi mlangoni, hakuingia. Akanionyesha tumboni kile kisanduku kinachopokea, na waya wake mwembamba wa anteni. Umekatika mahali pa kulehemu, na umeshika kutu hapohapo. Hata yeye, mutu wa viazi, alielewa. Kitu kilikuwa kimeoza tangu kitambo, ndege ilikuwa nusu kiziwi. Thelathini za muzee zingeliona jambo hili siku ya kwanza. Angeulehemu kwa dakika kumi, kwa kugusa tu.

Papa Kambale alikirudisha kisanduku tumboni. Akasema, "Mama, asipoambiwa, mutu anakufa na kitu kama hiki."

Nimeifunga ndani ya shuka. Iko chini ya mashini. Miguu yangu inaigusa nikishona.


Ijumaa, 20

Nimemwambia.

Alirudi kutoka musikitini, Papa Kambale alimsindikiza mpaka mlangoni ingawa yeye ni mukristo. Nilimketisha. Nikaweka kile kisanduku mkononi mwake, nikaweka kidole chake mahali waya ulipokatika. Nikaweka metre juu ya goti lake. Nikasema yote. Chaki, sketi, arobaini na tano, mbuzi. Sikulia, nilisoma kama karani.

Kidole kinapita juu ya waya, kinarudi.

"Nilisukuma wapi?"

"Kushoto."

"Na yenyewe ilienda wapi?"

"Kuume."

Akaniuliza tena. Na tena. Akasema, "Kumbe niliiona."

Halafu akalia, muzee huyu, mbele yangu, mkono juu ya macho. Nilitaka kumshika. Akanisukuma. Akasema, "Siku sita, Mama Asha." Basi.

Jioni alilala chali bila kuambiwa, kichwa ukingoni mwa kitanda. Si juu ya magoti yangu. Akasema lete matone.


Jumatatu, 23

Muganga. Tulingoja mpaka saa nane. Jicho la kushoto limekufa. La kuume linatofautisha mwanga na giza, na mkono ukipita karibu. Hakusema ni zile siku sita. Hakusema siyo. Nilimuuliza mara mbili, akafunika kalamu yake.

Njiani muzee aliuliza kama Nyiragongo inaonekana leo. Ilikuwa wazi, mpaka juu na moshi wake. Nikasema hapana, ukungu.


Alhamisi, 26

Haongei nami isipokuwa ya lazima. Maji. Matone. Choo. Nina haki gani ya kulalamika. Silali. Najiona natembea, nahesabu, nahesabu, nageuka, na yeye yuko mbali ananyanyua mkono. Najichukia kabisa. Nataka iandikwe mahali.

Asha alipiga simu. Nikamwambia baba anaendelea vizuri, ndege iliruka. Kweli iliruka.


Ijumaa, 27

Alianguka. Alitaka maji mwenyewe. Niliwahi kumwambia kutoka kitandani mpaka kwenye bidoni ya maji ni hatua kumi na mbili. Akahesabu kumi na mbili, akapiga uso kwenye nguzo ya mlango, akapita, akapiga meza. Pua inatoka damu, sufuria chini.

Nilimwokota. Yeye mezani anapapasa, mimi nimepiga magoti nafuta damu sakafuni.

"Kumi na mbili za nani?" akauliza.

Zangu. Nilipima zangu tena. Aka! Sijifunzi, mimi.

Nikangoja anitukane. Angenitukana ingekuwa nafuu. Akakaa tu, ameshika pua, anafikiri.


Jumapili, 29

Asubuhi tulivu. Maharagwe jikoni. Ndege bado ndani ya shuka, hakuna anayeitaja.

Niko kwenye mashini, nikamsikia anafungua sanduku langu la nguo. Anapapasa, anavuta, anarudisha. Nikaacha mguu kwenye kanyagio, sikugeuka. Akauliza kile kikwembe changu cha kazi kiko wapi, kile kilichochakaa. Nikasema kwenye msumari. Akakipata.

Amekifunga juu ya suruali. Akakikaza, akajaribu hatua, akakikaza tena. Muzee mrefu hivi, na kikwembe cha maua mpaka kwenye vifundo. Ningecheka siku nyingine.

Akaniuliza, "Umekaa wapi?"

"Niko kwa mashini."

"Kutoka kitandani mpaka hapo?"

"Tisa."

Akatembea. Hatua za kuku, kama zangu, anahesabu kwa sauti. Kwenye sita alikwepa nguzo. Kwenye tisa mkono wake ukagusa bega langu, ukabaki hapo.

Halafu akageuka kwenda kwenye maji. Nimemsikia anakunywa.